Ua la Chupa Nyeupe

Waliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe, mwenye nyumba, hapa Ngokolo. Binti yangu wa mwisho, ambaye alikuwa amekuja kwangu na mimba yake ya kwanza. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anayekaa nyumba ndogo ya uani na hajawahi kuishiwa neno tangu nimjue. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa mwanangu wa kwanza, miaka saba, darasa la pili. Mkwe wangu, mume wa huyo binti, alikuwepo na hakuwepo, maana kwetu mkwe haingii sebuleni kwa mama mkwe wake akajinyoosha kwenye kochi. Yeye aliishia kwenye uzio. Na nesi wa kliniki ya wajawazito, ambaye yeye aliingia baadaye.

Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na ya mama zao. Hata utingo wa basi lililoleta mzigo jina lake ninalo, kwa sababu nilimuuliza. Lakini binti yangu kaniambia, "Mama, andika yote, ila majina acha." Nimeyaacha. Inaniwia vigumu, kama kumpita mtu njiani bila kumsalimia, lakini nimeyaacha.

Mimi niliishia darasa la nne. Kichwa changu ndicho kilikuwa daftari. Ukoo mzima, wakibishana nani alizaliwa mwaka gani wa njaa, au ng'ombe yupi alitoka kwenye mahari ya nani, wanasema twende tukamuulize mama wa Ngokolo. Nikisema, imekwisha. Nataka mlijue hilo kwanza, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Sasa niseme habari ya mapambo. Mama yangu mzazi alikuwa anapamba vibuyu. Anapasha kisu kwenye makaa mpaka kinakuwa chekundu, kisha anachora nacho kwenye kibuyu, mistari, macho ya kuku, nyayo za ndege, na moshi wake ulikuwa unanukia vizuri. Mimi nilipoolewa nikaja mjini, vibuyu hakuna, ila pakiti ziko kila mahali. Chupa za maji, makopo ya maziwa, trei za mayai, karatasi za sabuni, maboksi ya dawa ya meno. Kuzitupa nikashindwa. Nikachukua kisu cha mama kichwani mwangu, nikaanza. Chupa ya maji ukiikata kitako chake na kisu cha moto, kisha ukaisogeza karibu na makaa, inajikunja yenyewe, inafunguka kama ua. Katikati unaweka kitu kingine, karatasi inayong'aa au mfuniko, unabandika plastiki ikiwa bado ya moto. Ikishapoa haibanduki tena. Hilo la kutobanduka mlishike, nitalirudia.

Sebule yangu ilikuwa imejaa. Na kila ua nililiita jina la nyumba pakiti yake ilikotoka. Mgeni akiuliza, "Mayu, mama yangu, hili jeupe la nani?" namwambia hili ni la mama fulani wa ng'ambo ya barabara, lilikuwa chupa yake ya mafuta ya kula. Hili jekundu la mwalimu, boksi lake la majani ya chai. Watu walicheka, lakini kesho yake wanaleta makopo.

Wifi ndiye alikuwa ananisema zaidi. "Wewe wifi," ananiambia, "siku nikifa usinizungushie maua ya pakiti za sabuni. Nitafika mbele za Mungu nanuka ufuaji."

"Ndiyo vizuri," namjibu, "angalau utafika unanukia kitu."

Basi. Binti yangu aliolewa Buseresere. Mume wake si mtu wa kule, alifuata dhahabu kama wenzake, anafanya kazi mwaloni, pale wanaposafisha mchanga wa mashimoni. Binti yangu alikuwa na kibanda chake cha nyanya na vitunguu sokoni, kazi ya mume wake aliijua kwa jina tu. Miaka sita ya ndoa hakupata mtoto. Miaka sita hiyo mimi naijua siku kwa siku, maana kila harusi na kila msiba kulikuwa na mtu wa kuniuliza, "Na yule wa kule vipi, bado?" Ndipo ikaja simu kwamba ameshika. Sikupiga vigelegele. Niliogopa. Nikasema mimba hii aje aitunzie kwangu, kwa mama yake, kama tulivyozoea mtoto wa kwanza.

Na katika ujinga wangu nikaongeza neno. Nikamwambia kwenye simu, "Na makopo msitupe. Nataka kumpambia mtoto chumba."

Wakatii. Kwanza ukaja mfuko mmoja wa salfeti kwa basi, umejaa makopo na chupa; wifi akaupokea stendi. Baada ya wiki mbili akaja binti mwenyewe, na mfuko wa pili. Mume wake ndiye aliyemleta. Akasimama kwenye uzio, kofia mkononi, anaangalia chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Za safari?"

"Nzuri mama."

Yakaishia hapo. Heshima ya ukwe ndivyo ilivyo. Nisingeweza kumuuliza kilichomo mfukoni, wala yeye asingeweza kuanza kunieleza. Aliuweka chini, akala ugali wake kwa wifi, akarudi kazini. Na mimi mfuko wa basi nilikuwa nimeshaumwaga kwenye beseni moja kubwa stoo na kuanza kuukata; wa binti nikaumwagia humo humo. Sikutenganisha. Kwa nini nitenganishe? Yote ilitoka kwa watu wale wale.

Katika beseni hilo kulikuwa na chupa nyeupe. Ndogo, urefu wa kidole cha kati, ya plastiki nene, mfuniko wake umekazwa, karatasi yake imebanduliwa. Nilipoishika niliona ina uzito kidogo. Nikadhani ni unene wa plastiki.

Niliikatia sebuleni. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, jiko la mkaa mbele yangu, kisu kimeiva. Nikapitisha kisu katikati ya chupa, kikalia chwii, mara kitu kikamwagika. Kiling'aa kama kioo, lakini kilikuwa kinatembea. Kilianguka kwenye sakafu kikapasuka vipande, kila kipande kikawa punje ya duara, zikakimbia huku na huku. Nyingine ziliangukia kwenye jiko. Hizo hazikuonekana tena.

Mjukuu akapiga kelele, "Bibi, maji yanakimbia!" Akaanza kuyafukuza kwa kidole. Kila akiligusa tone linagawanyika. Tulicheka mno. Sitaficha, tulicheka.

Sisi wa Shinyanga almasi tunaisikia, dhahabu tunaisikia. Lakini fedha inayotembea mimi sikuwahi kuisikia. Nikazikusanya zile punje na kipande cha boksi, nikazimimina kwenye kichupa cha mafuta ya nywele kinachoonyesha ndani, nikakaza mfuniko. Kile kitako cha ile chupa nyeupe nikakifanya ua hapo hapo kwenye makaa, nikaweka katikati kitu kinachong'aa, nikakitundika ukutani. Na kile kichupa nikakizungushia maua madogo, nikakiweka mezani. Ukikitikisa, punje zinaungana, zinaachana. Wageni walikipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Wifi mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani, alisema, "Hiki sasa nipe mimi."

Sikumpa. Nilikuwa na mtu wangu wa kumpa. Yule nesi wa kliniki alikuwa anamshika binti yangu vizuri, hamkaripii, hamuulizi kwa nini umechelewa kuzaa. Nikasema nitampelekea zawadi ya meza yake.

Tukaenda watatu siku ya kliniki, mimi, binti na wifi. Binti akapimwa, akaambiwa mtoto yuko salama, moyo wake unapiga. Ndipo nikatoa kichupa kwenye mkoba. Nesi akakipokea kwa mikono miwili, akasema, "Wabeja, bibi, asante, mbona kizuri!" Akakitikisa. Akakitazama tena. Nikaona uso wake umebadilika kama mtu aliyeitwa na sauti ya nyuma yake.

Akakiweka dirishani, nje kabisa, kwenye kizingiti. Akafungua madirisha yaliyobaki. Akamwambia binti yangu, taratibu, "Mama kijacho, hebu kakae pale nje kwenye benchi, upate upepo." Kisha akanigeukia.

"Bibi, hiki umekitoa wapi?"

"Nimetengeneza mwenyewe, mwanangu."

"Haya ya ndani."

"Yalikuwa kwenye chupa. Ilitoka Buseresere kwa mkwe."

"Hii ni zebaki, bibi. Ndiyo wanayokamatia dhahabu. Nimefanya kazi upande wa Geita, naijua."

"Ina ubaya?"

Akavuta kiti akakaa. Nilijua mtu akivuta kiti jambo si dogo. Akanieleza kwamba ikiwa imefungwa sawasawa ina nafuu, lakini ikimwagika inatoa hewa, na ikipata moto ndiyo mbaya zaidi, hewa hiyo huioni wala huinusi, unaivuta tu. Mwenye mimba akiivuta inapita mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Inamfuata kichwani, kwenye akili, kwenye macho, kwenye kutembea kwake.

"Uliikata na nini, bibi? Mkasi?"

Nilitamani kusema mkasi.

"Kisu."

"Cha baridi?"

"Cha moto."

"Wapi?"

"Sebuleni."

"Sasa nisikilize vizuri. Siku hiyo unakata, mama kijacho alikuwa ameshafika kwako?"

Nikamjibu pale pale, sikumeza hata mate. "Hajafika. Alikuwa bado Buseresere."

Nesi akamtazama wifi. Wifi akasema, "Huyu akisema ndiyo hivyo. Anakumbuka rangi za ng'ombe wa mahari yangu mmoja mmoja, na mimi mwenyewe nimewasahau."

Nesi akapumua. "Basi afadhali. Angekuwepo ningechukua mkojo tupeleke ukapimwe hospitali kubwa." Akaandika kwenye kadi. Nilimwona anaandika. Akamwandika mjukuu kwenye orodha, kwamba tumlete aangaliwe maana alizishika kwa kidole, na mimi pia. Akatuagiza tusifagie sebule, tufungue milango, binti akalale kwa wifi, vitu vyote vilivyogusana na chupa ile viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, bwana afya atakuja kuvichukua kesho yake.

Njiani binti yangu alikuwa anasema, "Mama usilie, si nilikuwa bado sijaja?" Nikaitikia. Nilikuwa silii. Nilikuwa najaribu kukiona kile kigoda na kuona ni nani alikuwa amekaa mbele yangu siku ile.

Tulipofika nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikaingia peke yangu. Kisu, kigoda, kile kipande cha boksi, vyote ndani ya ndoo. Nikalibandua ua la chupa nyeupe ukutani. Nikaliangalia.

Katikati yake kulikuwa na karatasi ya vidonge, ile ngumu yenye vijumba vya kubonyeza. Nilikuwa nimekata vijumba vinne, nikavibandika plastiki ikiwa ya moto. Kwenye vijumba hivyo kulikuwa na vumbi jekundu.

Vidonge vyekundu ni vya kuongeza damu. Ni vya wajawazito. Na binti yangu kule Buseresere alikuwa anapewa kwenye kibahasha cha karatasi. Alinionyesha mwenyewe kibahasha chake siku aliyofika. Vya kwenye karatasi ngumu alipewa hapa, kwenye kliniki yetu, wiki ile ile ya kwanza. Kwa hiyo kama ua hilo lilibeba karatasi ya vidonge vyake, na plastiki ikishapoa haibanduki, basi siku ile ya kisu cha moto binti yangu alikuwa ameshafika. Alikuwa nyumbani mwangu. Labda alikuwa amekaa palepale.

Nikatoka nje, nikamwita wifi kwenye ua wa nyuma, nikamwambia.

Wifi akafunika mdomo. Kisha akaufunua, maana mdomo wake haukai umefunikwa. "Na wewe vidonge vyako vya presha? Si navyo viko kwenye karatasi kama hiyo?"

"Vyangu ni vyeupe."

"Vumbi jekundu linaweza kuwa la kitu chochote. Nyumba yako yote ni vumbi la vitu vya watu."

"Wifi, naogopa."

"Nyamaza basi," akasema, na sauti akaishusha. "Neno limeshaandikwa. Ukiligeuza leo, kesho mkwe anaonekana ameleta sumu, wewe unaonekana umeichoma, na yule mtoto ndani anakosa usingizi na mimba yake. Miaka sita, wifi. Mwache apumue."

Nikanyamaza.

Kesho yake bwana afya alikuja na pikipiki na glavu ndefu. Akaweka ndoo ndani ya ndoo nyingine, akaifunga, akatuuliza maswali machache, akaondoka nayo. Ua likaenda. Lilipokwisha kuondoka ndipo nikaanza kulitilia shaka. Vumbi lilikuwa jekundu kweli, au ni rangi ya boksi la chai? Vijumba vilikuwa vya duara, au vya mviringo wa yai kama vyangu vya presha? Mimi ninayejua ng'ombe wa watu rangi zao, ua nililolishika jana sikuweza kuliapia.

Nikamtuma wifi ampigie mkwe simu, amuulize chupa ilikuwa kwenye mfuko upi, wa basi au wa binti. Wifi akaweka sauti ya nje, mimi nikakaa pembeni kama sipo.

"Shangazi, sijui," tukamsikia. "Chupa itakuwa ya mwenzangu tuliyepanga naye, alikuwa anaiacha dirishani. Mama alisema tusitupe kitu, nikazoa yote. Nilizoa mara mbili." Kisha akasema, "Shangazi, mwambie mama anisamehe. Mwulize kama nije."

Nilitikisa kichwa, wifi akamwambia asije bado. Lakini nilitamani kuichukua simu nimwambie ni mimi niliyesema msitupe. Ukwe ukanizuia hata hapo.

Nikamgeukia mjukuu. "Siku ile maji yalikimbia, shangazi yako alikuwepo?"

"Alikuwepo, bibi."

"Alikuwa wapi?"

"Mlangoni. Anakunywa uji."

Jioni wifi akamuuliza yeye, "Si shangazi yako alikuwa hajaja?" akasema, "Ndiyo, alikuwa hajaja." Watoto wanakupa unachotaka. Na binti yangu mwenyewe, nilimuuliza kwa kuzunguka, akacheka. "Mama, nilikuwa nalala kila saa, na kwako kila siku unakata kitu. Nitajuaje ni siku ipi?"

Siku tatu nilikaa hivyo. Chakula nilikuwa nakipika, nakipakua, nakiangalia. Picha zilikuwa mbili kichwani, zote safi. Katika moja, mlangoni hakuna mtu, jua tu. Katika nyingine, mlangoni kuna binti yangu na kikombe cha uji, anapuliza. Nilizipima kama unavyopima mbegu mkononi. Na nikagundua kitu kilichonitisha kuliko zebaki yenyewe. Ile picha ya mlango mtupu niliipenda. Ile nyingine nilikuwa naisukuma. Hata pale kliniki, nilipojibu haraka vile, sikuwa nimekumbuka. Nilikuwa nimetaka.

Siku ya tatu asubuhi binti alikuwa amekaa kwenye mkeka kwa wifi, anamsuka mjukuu. Akasema, "Mama, njoo ushike, anacheza." Akauchukua mkono wangu akauweka tumboni. Mtoto akasukuma. Kisigino au kiwiko, sijui, kitu kidogo kigumu kikapita chini ya kiganja changu. Nikautoa mkono kama nimeshika jiko.

"Vipi?"

"Hamna. Nakuja."

Nikachukua khanga, nikaenda kliniki kwa miguu, peke yangu. Nesi alikuwa anapanga kadi. Nikamsalimia, akashangaa kuniona.

"Bibi, kuna nini?"

"Futa ulichoandika."

"Nifute kipi?"

"Kwamba hakuwepo. Andika alikuwepo."

Akaweka kalamu chini. "Umekumbuka?"

"Sijakumbuka. Niliona ua, lina karatasi kama ya vidonge vyake. Ua limeshachukuliwa, na sasa hivi hata hilo sina hakika nalo. Lakini nikikwambia hakuwepo nakuwa nimekwambia ninachotaka mimi."

Nesi hakunikaripia. Ningefurahi kama angenikaripia. Akavuta kadi, akapiga mstari, akaandika upya. "Mlete leo leo," akasema. "Tuchukue mkojo. Na umwambie mwenyewe kabla hujamleta. Asije akasikia kwangu."

Nikarudi. Nikamwambia akiwa pale pale kwenye mkeka, nywele za mjukuu zimesukwa nusu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake haikuacha kusuka, ila ilikuwa inavuta mno, mtoto akasema, "Shangazi, unaniumiza."

Kisha akauliza, "Kwa hiyo ulijua tangu juzi?"

"Nilidhani. Sikujua."

"Siku tatu, mama. Nimelala siku tatu natabasamu."

Wifi akajaribu, "Mwanangu, ni mimi niliyemwambia anyamaze."

"Shangazi, wewe unaongea kila siku, hakuna anayekusikiliza. Mama akisema, watu wanaandika."

Wiki nzima alikula kwa wifi. Alikuwa ananiamkia, anapita. Mimi niliyashusha maua yote ukutani, ya mwalimu, ya ng'ambo ya barabara, yote, hata yasiyo na kosa, maana sikujua tena lipi lilikatwa na kisu kipi, na bwana afya akayachukua. Ukuta ulibaki na misumari. Mkwe alikuja, akasimama kwenye uzio muda mrefu. Nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya. Nikaenda mpaka kwenye uzio, nikamwambia mwenyewe, si kwa mdomo wa mtu, "Baba, mimi ndiye niliyeagiza." Akainama, akalia, na mimi nikaangalia pembeni kama inavyopasa.

Majibu yalichelewa. Yalipokuja, nesi alisema imo, kwa binti na kidogo kwa mjukuu na kwangu, siyo nyingi ya kumlaza mtu, lakini imo. Imefanya nini kwa mtoto, au haijafanya, kipimo hicho hakiwezi kusema. Mtoto ndiye atakayesema, kwa kukua. Akaandika kwenye kadi kwamba afuatiliwe kila mwezi baada ya kuzaliwa, macho, masikio, shingo. Akaniambia mimi, wengine wakiwa wametangulia nje, "Bibi, usingerudi, huyu mtoto asingekuwa na alama hii kwenye kadi. Angechelewa kitu, tungesema ni uvivu wake tu."

Nilisema wabeja. Haikunipunguzia kitu.

Alizaliwa wakati pamba zinapasuka mashambani, wa kike, na alilia kwa nguvu. Binti aliniwekea mikononi yeye mwenyewe, akaniambia, "Haya, mkariri na huyu." Hapo nikajua amenisamehe, au ameamua kuendelea.

Sasa ana miezi minne. Shingo imeshika. Akisikia kikombe kimeanguka anashtuka. Mimi namwangalia kuliko mtu anavyopaswa kumwangalia mtoto. Akilala sana naogopa, akiamka sana naogopa. Wifi ananiambia, "Utammaliza huyo mtoto kwa macho."

Wiki iliyopita nesi alituagiza tufanye jambo nyumbani kabla ya kliniki. Tushike kitu cha rangi mbele ya uso wake, tukipeleke polepole upande mmoja, kisha upande mwingine, tuone kama macho yanakifuata mpaka mwisho. Nyumba yangu, ambayo zamani kila kona ilikuwa na rangi, haikuwa na kitu. Tulitafuta. Wifi akaingia kwake, akatoka na karatasi ya sabuni aliyonunua dukani asubuhi ile ile, sabuni bado inanukia.

"Haya, fundi," akaniambia. "Hii imetoka dukani mpaka mkononi mwangu. Tengeneza."

Nilitumia mkasi. Nikaikunja ua, hakuna moto, hakuna kubandika, uzi tu. Petali moja ikatoka kubwa kuliko nyingine. Binti akamshika mtoto mapajani. Mjukuu alikuwa amepiga magoti pembeni. Wifi nyuma yangu. Mkwe alikuwa kwenye uzio, lakini kutoka pale anaona mpaka ndani.

Nikalipeleka ua kulia. Macho yakafuata. Nikalirudisha katikati. Nikalipeleka kushoto, polepole, na hapo machozi yalikuwa yameshanijaa. Mimi niliona macho yamelifuata mpaka mwisho, mpaka kwenye bega. Binti akasema, "Ameliona!" na wote wakapiga makofi, na kesho yake tulimpigia nesi simu tukamwambia hivyo, akaandika.

Lakini mimi nilishawahi kuona ninachotaka. Ndiyo maana nimeandika haya, na nimewataja mlivyokuwa mmekaa. Nyinyi mliokuwepo, mtakaposoma au kusomewa, niambieni. Siku ya kisu cha moto, mlangoni palikuwa na mtu mwenye kikombe cha uji au palikuwa na jua tu? Na juzi, upande wa kushoto, macho yalifika mpaka begani, au yaliishia kwenye pua na mimi nikayamalizia? Msinionee haya kwa kuwa ni mzee. Kama nimekosea nisahihisheni. Kliniki ni wiki ijayo, kadi bado ina nafasi.